Mzee Anapopunguza Mwendo

Vijana waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni wazee. Wapo wenye magoti mabovu, wapo wenye makovu ya risasi, na wapo ambao masikio yao yaliharibiwa na mizinga. Babu akianza kubaki nyuma njiani, nyumbani husemwa ni umri tu, na hapo ndipo familia huchelewa kutafuta msaada.

Miguu haitembei peke yake. Kichwa ndicho kinachopanga hatua, kinachokwepa shimo na kukumbuka safari ni ya wapi. Mzee ambaye ukimsemesha njiani lazima asimame ndipo akujibu, yuko karibu zaidi na kuanguka. Na mwendo wa polepole ukiambatana na kusahausahau ni dalili ya kutiliwa maanani, kwani huweza kutangulia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Ili kujua kama mwendo wake umepungua, pimeni mita 4 sakafuni. Mzee aanze nyuma kidogo ya alama ya kwanza, atembee kama kawaida yake, na fimbo yake kama anayo. Akizidisha sekunde 5 kuzimaliza mita hizo, mpelekeni kituo cha afya. Huko waangalie presha, sukari, macho na masikio. Bebeni dawa zake zote, hata za dukani, maana za usingizi na baadhi za presha huleta kizunguzungu.

Kisha ombeni rufaa ya fiziotherapia. Mtaalamu huanza na miguu: kuinuka kitini mara kadhaa, kunyanyua visigino huku ameshika meza. Miguu ikipata nguvu, kichwa nacho hupewa kazi: atembee akitaja mikoa, au akihesabu kurudi nyuma. Hapa askari mstaafu ana mtaji, kwa sababu kwata ndiyo hiyohiyo: sikia amri, geuka, usipoteze hatua. Mjukuu atoe amri, mtu mzima asimame karibu. Mzee anayenuna akiitwa mgonjwa, "mguu sawa" haikatai!

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki. Husaidia umakini na kupanga mambo, ila hayaponyi ugonjwa wa kusahau ulioshaanza. Anayewaahidi kuwa yanauponya anawauzia maneno.

Mwendo ukibadilika ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, huo huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.