Dondoo muhimu: Kiti na helmeti ya mwendesha baiskeli

Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno.

Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe kisogoni kwa madaha. Ya mtumba iogope: povu la ndani hufyonza pigo kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, hata kama nje inang'aa. Tafuta alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha helmeti. Hata mabingwa walilazimishwa kuvaa helmeti na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, mwaka 2003, baada ya mwendeshaji Andrei Kivilev kuanguka na kufariki kwenye mashindano ya Paris–Nice.

Na kwa usalama huo huo, taa ya nyuma inunue kabla ya magurudumu ya bei mbaya.