Mjusi Aliyekatika Mkia

Mkulima wa Ruanda, ukimwona mjusi islamu akiota jua juu ya jiwe kando ya ngoro zako, usimpige, wala usimshike mkia. Huyu hula wadudu mchana kutwa, na mwenziwe mjusi kafiri, akaaye ukutani, hula nondo na mbu usiku. Wako wasemao kwamba wana sumu. Si kweli.

Mifupa ya mkia wake ina mahali palipoumbwa pa kukatikia. Akikamatwa huuachia, nao hurukaruka chini. Adui huutazama, naye mwenyewe hukimbia. Ameponea, lakini kwa gharama.

Mkia kwake ni kama kasia kwa mvuvi wa Mbamba Bay. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa mjusi wa ukutani akiteleza huukandamiza mkia ukutani asianguke. Na akianguka huuzungusha, apate kutua kwa miguu. Mwaka 2009 wengine walipima mijusi warukao mitini: waliokatwa mkia walipinduka kinyumenyume hewani. Katika kukimbia mijusi hawalingani: wengi hupunguza mbio, wachache hawapungui.

Sasa habari ya joto, ambayo watu huikosea. Mjusi hajipashi moto mwilini kama kuku. Huupata kwa jua na kwa jiwe. Wengi waliopimwa pasipo mkia walichagua joto lile lile la kwanza, basi si kwamba mkia ndio uliotunza joto. Shida ni hofu. Asiye na mkia hana tena cha kumwachia adui, kwa hiyo mara nyingi hukaa karibu na tundu lake, na jua hulipata kidogo. Mwili ukipoa, miguu huwa mizito na chakula hakisagiki upesi tumboni. Huko pwani ya Ziwa Nyasa joto ni tele; lakini katika milima ya Umatengo, asubuhi za Juni na Julai, naona hasara hiyo yaweza kuwa kubwa zaidi.

Tena mkia ni ghala ya mafuta yake. Mpya huota polepole, nao hauna mifupa ndani, ila gegedu tu. Na chakula cha kuuotesha hutoka katika mwili wake.

Basi yaache mawe ya ukingoni mahali pake. Akiingia nyumbani, mfunike kwa kibuyu kilichokatwa, pitisha ubao chini yake, umtoe nje mzima.