Kabla ya Kubonyeza "Thibitisha": Namna ya Kupima Huduma ya Benki kwenye Simu Yako

Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, jasho la mwaka mzima hulipwa katika siku chache. Miche hupandwa, majani huchumwa na kukaushwa katika mabani, hupangwa kwa madaraja, kisha huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika. Malipo yanapofika, ndani yake mna ada za shule, deni la pembejeo na chakula cha miezi ijayo. Aghalabu fedha hizo huendelea na safari kwa simu: kutoka benki hadi kwa wakala, dukani au kwa ndugu aliye mbali. Kidole kikikosea tarakimu moja, sehemu ya msimu huenda kwa mtu asiyejulikana.

Kwa sababu hiyo, katika somo hili tunauliza: huduma ya benki iliyo rahisi kutumia ni ipi? Wengi hutazama rangi na picha. Sisi tunapendekeza kipimo kingine: huduma nzuri hukuzuia kukosea kabla fedha hazijatoka, na hukuambia ukweli zikishatoka.

Njia mbili za kuifikia akaunti

Mwenye simu ya kitochi hupiga tarakimu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, mfano *150*00#. Njia hii haihitaji intaneti. Hata hivyo, ukurasa mmoja wa menyu hiyo haubebi zaidi ya herufi 182, na ukichelewa kujibu menyu hukatika. Hivyo mbunifu hana budi kuchagua kila neno kwa uangalifu. Programu ya simu janja ina nafasi kubwa zaidi, lakini huhitaji intaneti, na wingi wa vitufe na matangazo huweza kuficha jambo unalolitafuta. Vipimo vifuatavyo vinafaa kwa njia zote mbili.

Vipimo vitano

1. Jina kabla ya fedha. Ukishaandika namba na kiasi, huduma ikuoneshe jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha muamala. Lisome jina hilo lote. Kama si unayemkusudia, ghairi. Kuzuia kosa hapa ni kazi ya nukta chache. Kurejesha fedha zilizokwisha kupokelewa na mtu mwingine ni kazi ngumu, hasa akiwa amezitoa.

2. Makato kabla ya kukubali. Katika karne ya 19, misafara iliyopita Unyamwezi, ikiwamo nchi ya Mtemi Mirambo ambayo leo ni Urambo, ililipa hongo ili iruhusiwe kupita. Kiwango chake kilijadiliwa papo hapo, na mwenye msafara hakuweza kujua kwa hakika atatozwa nini. Mtumiaji wa leo hastahili kusafiri namna hiyo. Makato yaoneshwe kwa shilingi, kando ya kiasi unachotuma, ungali na nafasi ya kusema hapana.

3. Lugha inayoeleweka hadi mwisho. Baadhi ya huduma huanza kwa Kiswahili, kisha tatizo likitokea huleta ujumbe wa Kiingereza au tarakimu zisizo na maana kwa mteja. Ujumbe mzuri hutaja kilichotokea na la kufanya: "Salio halitoshi. Fedha hazijatumwa." Maneno kama "Rudi", "Ghairi" na "Thibitisha" yawe na maana ileile katika kila ukurasa.

4. Ukweli mtandao unapokatika. Hapa ndipo wengi hutuma mara mbili. Huduma nzuri hueleza kama muamala umekamilika, umeshindikana au unasubiri. Usipopata jibu, usirudie. Fungua menyu mwenyewe, tazama salio na orodha ya miamala, ndipo uamue.

5. Namba ya siri ibaki yako. Katika simu nyingi za kitochi, namba ya siri huonekana wazi unapoiandika. Geuza kioo upande wako. Liko pia jambo zito zaidi. Mzee asiyeielewa menyu humpa mjukuu au wakala simu pamoja na namba ya siri. Menyu ngumu huzaa msaidizi, na msaidizi huweza kuzaa hatari. Kwa hiyo urahisi wa menyu si anasa. Ni sehemu ya usalama wa fedha.

Zoezi la kufanya kabla ya msimu

Usingoje siku ya malipo makubwa ndipo ujifunze. Tuma shilingi 1,000 kwa mtu wa nyumbani. Je, uliona jina lake? Uliona makato? Uliweza kughairi katikati ya hatua? Umeiona orodha ya miamala yako? Unajua pa kupiga ukipata tatizo? Ukijibu "hapana" mara mbili au zaidi, linganisha na huduma nyingine kabla ya kuikabidhi mavuno yako.

Sura nzuri si leseni

Mnamo Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikitoa huduma bila leseni. Mwonekano wa kuvutia hauthibitishi uhalali. Pakua programu kwa kufuata maelekezo ya benki yako, wala si kwa kiungo ulichotumiwa na usiyemjua.

Jambo likiharibika

Mpigie mtoa huduma mara moja, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe na kiasi. Usifute ujumbe. Ukipokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", usitume chochote. Upeleke ujumbe huo kwenye 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, peleka shauri la fedha Benki Kuu, na la mawasiliano TCRA.

Hatimaye, tunakukumbusha kwamba haki ya kulalamika si ya aliyepoteza fedha peke yake. Kama makato yamefichwa, kama jina halioneshwi, kama "Thibitisha" na "Ghairi" vimebanana hata kidole hukosea, mwandikie mtoa huduma na umweleze. Mbunifu aliye ofisini hajui jinsi kioo kinavyosomeka katika jua la mchana kwenye mnada wa Urambo. Wewe unajua.