Kufundisha Mgawo wa Maji: Mfongo wa Kilimanjaro na Falaji ya Omani

Mtoto wa Njoro, mjini Moshi, huyaona maji yakitoka bombani. Somo la maji likianzia na kuishia hapo, atadhani kwamba ufundi huu uliletwa na wageni pamoja na mabomba. Ni wajibu wa mwalimu kuiondoa dhana hiyo kwa ushahidi.

Ushahidi wa kwanza upo mlimani. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wachaga walikwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji ichepushayo maji ya mto na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi migombani. Ushahidi wa pili upo Nizwa, uliokuwa makao ya maimamu wa Omani katika karne za kati. Huko falaji hupeleka maji mashambani kwa mteremko mdogo, bila pampu. Zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha falaji tano, ikiwamo Daris ya Nizwa, katika Urithi wa Dunia.

Kwa Darasa la Tano, fuata hatua hizi:

1. Wanafunzi wajenge kilima cha udongo, wachimbe vifereji viwili, kimoja cha mteremko mkali na kingine cha mteremko mdogo. Wamimine maji kwa kiasi kilekile. Wagundue wenyewe kwamba maji ya kasi huukata udongo. Usiwatangulizie jibu.

2. Wape hesabu: mfongo una maji kwa saa 12, na jamaa wanaoutumia ni 8. Kila jamaa itapata dakika 90.

3. Kisha uliza: shamba la mwisho liko mbali, na maji mengine hunywewa na ardhi njiani. Je, dakika 90 kwa kila jamaa ni haki?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wakati wa kiangazi, wa mwisho mferejini ndiye hukaukiwa kwanza. Kundi moja liwatetee wa juu, jingine wa chini. Wengine watapendekeza kumwongezea wa mwisho dakika. Wengine, kuziba nyufa za mfereji kwa pamoja. Mwalimu asiharakishe kuhukumu, bali adai sababu.

Katika kupima, usiridhike na majina ya mifereji. Mwanafunzi achore mfongo, aonyeshe mteremko wake, na aeleze kwa nini mgawo ulio sawa kwa saa huenda usiwe sawa kwa maji.