Asali ya Yonathani

JUMATANO

Soma 1 Samweli 14:24–33. Kiapo cha Sauli kiliwaletea nini watu waliokuwa vitani? Jioni ilipofika walifanya nini, na kwa nini?

______________________________________________

Sauli alikuwa na lengo jema: alitaka ushindi. Lakini aliwadai watu wake kazi nzito huku akiwanyima chakula kutwa nzima. Yonathani, ambaye hakukisikia kiapo kile, alionja asali kidogo na nguvu zikamrudia. Wengine walipigana toka Mikmashi hadi Ayaloni wakiwa hoi. Jua lilipotua, njaa ikawatawala. Wakachinja mifugo ya nyara na kula nyama pamoja na damu, jambo ambalo Mungu alikuwa amelikataza (Walawi 17:10–14). Amri aliyoitunga mwanadamu iliwasukuma kuivunja amri ya Mungu.

Kosa la Sauli bado linarudiwa. Mfikirie mama mmoja wa Lagangabilili, wilayani Itilima, aliyeambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu liko juu na kwamba apunguze uzito. Anaanza kwa bidii. Alfajiri anakimbia, kisha anashinda shambani akipalilia pamba kwa jembe la mkono, bila kifungua kinywa wala chakula cha mchana. Usiku njaa inamzidi. Anamaliza ugali wote uliobaki, na michembe juu yake. Baada ya majuma matatu mizani haijashuka, kichwa kinazunguka, na majirani wanamuuliza kama anaumwa. Anahitimisha kwamba imani yake ni haba.

Je, shida yake ni imani? La. Mwili unaofanya kazi nzito bila chakula huanza kuteketeza misuli pamoja na mafuta. Uchovu humfanya mtu ajongee kidogo saa zinazobaki, na njaa iliyolimbikizwa humshinda jioni. Kizunguzungu, usingizi mbaya, hasira za haraka, maumivu yasiyopona, na kwa mwanamke kukosa hedhi, ni dalili kwamba chakula hakilingani na kazi.

Soma Mithali 25:16 na 1 Wafalme 19:5–8. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu kipimo cha chakula?

______________________________________________

Asali iliyomtia nguvu Yonathani humdhuru anayeila kupita kiasi. Naye Eliya alipewa chakula na usingizi kulingana na safari iliyokuwa mbele yake. Kiasi, basi, ni chakula kinachotosha kazi ya siku husika, wala si kula kidogo iwezekanavyo.

Kwa anayetaka kupungua, lengo la nusu kilo hadi kilo moja kwa juma linatosha. Apunguze kwanza vile visivyomjenga: soda, sukari katika uji, na mafuta ya kukaangia, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga ina 4. Nusu ya sahani iwe mboga kama mlenda au mchicha. Robo iwe ugali. Robo iwe maharage, choroko, au dagaa. Siku ya kazi ngumu asiruke kifungua kinywa. Kiazi kitamu na maziwa kabla ya shamba vitamzuia kuvamia sufuria usiku. Anywe maji ya kutosha. Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza, hasa akiwa anatumia dawa za kushusha sukari.

Pia apumzike. Mungu aliyeagiza kazi siku sita aliagiza na pumziko (Kutoka 20:8–11). Misuli hujijenga wakati wa kupumzika.

Kufunga kwa ajili ya maombi kuna mahali pake. Lakini anayejinyima chakula ili kuuadhibu mwili wake amesahau ya kuwa mwili huo ni hekalu, tena umenunuliwa kwa thamani (1 Wakorintho 6:19, 20). Hekalu hutunzwa, halipigwi.

Je, kuna kiapo ulichojiwekea kuhusu chakula au mazoezi ambacho Mungu hakukuagiza? Kimekuletea nguvu, au kimekuacha ukiwa dhaifu mbele ya majaribu? Darasa lako linawezaje kumsaidia mshiriki anayepambana na uzito bila kumwaibisha?