Moyo ni mzima, mbona naogopa kupanda daladala?

SWALI: Nina miaka 31, ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala na nauza vitenge Kariakoo. Miezi saba iliyopita nilikuwa kwenye daladala iliyojaa, foleni haisogei, mara moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi zikabana, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Hospitali walinipima moyo, presha, sukari na damu, wakasema sina kitu. Hali hiyo imerudi mara kadhaa. Siku hizi sipandi gari bila mdogo wangu, nakaa siti ya mlangoni, na mara nyingi nashuka kabla ya kufika. Nimerudia vipimo hospitali mbili tofauti, majibu ni yaleyale. Mama mkwe anasema ni jini, mume wangu anasema nadeka. Je, nina ugonjwa wa moyo usioonekana, au ndiyo naelekea kuwa kichaa?
Msomaji, Mbagala.

JIBU: Pole sana, dada. Kwa maelezo yako, hakuna dalili kwamba unaelekea kuwa kichaa, na moyo uliopimwa hospitali tatu ukaonekana mzima, una kila sababu ya kuuamini. Unayoyaeleza yanafanana sana na mashambulio ya hofu, ambayo ni sehemu ya kundi la magonjwa ya wasiwasi. Kuthibitisha ni kazi ya daktari atakayekaa nawe ana kwa ana, lakini usidhani uko peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kati ya kila wanne ni mmoja hivi tu anayepata matibabu. Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote. Kilichokuharibia maisha kwa miezi saba si ile siku ya kwanza kwenye foleni. Ni haya yote uliyoanza kuyafanya ili siku ile isijirudie.

Tuanze na mwili. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli, jasho hutoka, pumzi huwa za haraka. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza haya mwanzoni mwa karne ya 20 kama maandalizi ya kupigana au kukimbia. Ni kazi halali ya mwili mzima, ila kwenye daladala hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Ukihema kwa kasi huku umekaa, hewa ya ukaa hupungua kwenye damu, na hapo ndipo vinapotokea kizunguzungu, ganzi ya vidole na ile hisia ya kukosa pumzi. Ulidhani hewa haitoshi, kumbe ulikuwa unaivuta kupita kiasi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza, David Clark, alieleza kinachoifanya hali hii ipande ghafla: mtu huhisi moyo ukidunda, akaitafsiri ile dalili kuwa ni kifo, tafsiri hiyo ikaongeza hofu, na hofu ikaongeza mdundo. Kwa kawaida wimbi hili hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka lenyewe. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; baada ya siku ile, joto la gari au ngazi ulizopanda kwa haraka vinatosha kukutia mashaka.

Sasa tazama unachofanya. Hofu ikianza, unashuka kituo kinachofuata, na ukishashuka unapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana inakudanganya. Mwili wako unajifunza kwamba umepona kwa sababu umeshuka, wala haupati nafasi ya kugundua kwamba ungetulia hata kama ungebaki kitini. Siti ya mlangoni inafanya kazi hiyohiyo, na kusindikizwa na mdogo wako vilevile. Kila ukifika salama, sifa inakwenda kwa mlango na kwa mdogo wako, na daladala inabaki adui. Ndiyo maana tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa tatizo hili humrudisha mgonjwa hatua kwa hatua pale anapopaogopa, badala ya kumtafutia njia bora za kupakwepa. Kwako inaweza kuanza na gari lisilojaa, saa nne asubuhi, vituo viwili tu, mdogo wako akiwa pembeni. Mkirudia mpaka safari hiyo ikuchoshe, yeye akae siti ya nyuma. Kisha uende peke yako, kisha ukae katikati mbali na mlango, na mwisho upande saa kumi na mbili asubuhi gari likiwa limeshona. Sharti ni moja: usishuke hofu ikiwa juu. Hema polepole, iache ipande, uione ikishuka.

Najua utauliza, je, nikizimia humo ndani? Mtu huzimia presha inaposhuka ghafla, na katika shambulio la hofu mara nyingi presha hupanda. Kuzimia kunawezekana, lakini ni nadra kuliko hofu inavyokwambia. Utauliza pia kama vipimo vimekosea. Ni swali la haki, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, baadhi ya dawa za pumu, kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaweza kuleta mapigo ya namna hii. Kama tezi haikupimwa, omba ipimwe mara moja, ukubali jibu. Kurudia kipimo kilekile kila mwezi ni njia nyingine ya kukwepa: utatulia siku mbili, kisha shaka irudi ikidai kingine. Ila maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, yanayosambaa mkononi au taya, au yasiyoisha, hayo ni ya kukimbizwa hospitali bila kusubiri.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Dua na maombi humpa mtu utulivu na watu wa kumshika mkono, na hakuna daktari mwenye busara atakayekukataza. Kosa linaanza pale jibu la jini linapofunga mlango wa hospitali, au linapokutisha zaidi kwa kukwambia kuna kiumbe anakufuata. Mume wako naye mwambie hivi: mtu anayedeka hutafuta raha, na wewe unapoteza wateja na kipato. Atasema maisha ni magumu kwa kila mtu, na wasiwasi ni wa wote. Ni kweli, wasiwasi wa ada na kodi una sababu na humsukuma mtu kufanya kazi. Huwa ugonjwa pale unapozidi sababu yake na kumzuia mtu kufanya kazi hiyohiyo.

Usijitibu kwa vidonge vya usingizi vya duka la dawa. Diazepamu hutuliza haraka, lakini mwili huizoea, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kama tiba ya kawaida ya mashambulio ya hofu. Zipo dawa nyingine ambazo daktari anaweza kukuandikia. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usiziache siku ya tatu ukisema zimeshindwa. Wala usikate tamaa kwamba wataalamu ni wachache. Nchini Zimbabwe, bibi waliopewa mafunzo wamekuwa wakisikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachotibu kinaweza kufundishwa na kufanywa na watu wa kawaida.

Kwa hiyo, wiki hii nenda kituo cha afya, eleza kama ulivyoniandikia mimi, na omba rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Muhimbili ina idara yake. Usione haya, mficha uchi hazai. Nenda na mume wako aingie ndani asikie mwenyewe. Na mkishapanga na mtaalamu ile safari ya vituo viwili, ifanye kesho yake, kwa sababu kila siku unayoiahirisha, hofu inaihesabu kuwa ushindi wake.