Nguvu za Askari ni Amana

Mtu akutanapo na askari polisi njiani, mara nyingi moyo wake hushtuka, hata ikiwa hana hatia. Wengine hudhani ya kuwa askari aweza kumtenda mtu kama apendavyo. Wengine humhesabu kuwa adui tu. Dhana zote mbili si kweli. Basi, na tuitazame sheria ya nchi ya Kenya, tupate kujifunza.

1. Kazi ya askari.
Polisi wamewekwa ili kulinda watu na mali zao, kuzuia uhalifu, kupeleleza makosa, na kuwakamata wanaoshukiwa. Kuhukumu si kazi yao. Hiyo ni kazi ya korti. Tena Katiba ya mwaka 2010 yakataza waziri asimwamuru mkuu wa polisi, yaani Inspekta Jenerali, amchunguze fulani au amwache fulani. Maana yake, polisi wasiwe fimbo ya mkubwa ya kumpigia mtu asiyempenda.

2. Mipaka ya nguvu zake.
Katika kifungu cha 49, Katiba yaagiza hivi: mtu akikamatwa, aambiwe upesi sababu yake, kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kunyamaza na ya kuonana na wakili, wala asilazimishwe kuungama. Kabla ya saa 24 kupita sharti afikishwe kortini; na kama saa hizo zakoma wakati korti imefungwa, afikishwe siku ya korti ifuatayo. Kwa nini saa chache hivi? Kwa sababu mtu aliyefungiwa mahali ambapo hakimu hamwoni hana mtetezi, na gizani ndipo mapigo hutokea.

Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 yamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, zisizidi haja. Tena yasema kwamba amri ya mkubwa si udhuru kwa askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

3. Hesabu atakayotoa.
Apewaye amana huulizwa habari zake. Kwa hiyo mwaka 2011 iliundwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iitwayo IPOA, ili polisi wasijichunguze wenyewe tu. Mwaka 2014, huko Kwale, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao, polisi walipokwenda kumtafuta jamaa yake. Ilidaiwa kwamba aliwatishia kwa panga. Mamlaka ikachunguza, na mwaka 2016 Korti Kuu ya Mombasa ikawafunga maaskari wawili miaka 7 kila mmoja. Hukumu haikumrudisha mtoto. Lakini ilionyesha ya kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

4. Wajibu wetu.
Sheria iliyoandikwa haimsaidii mtu asiyeijua. Jamaa yako akikamatwa, nenda kituoni kwa upole. Uliza sababu, uliza jina na namba ya askari, uliza kama habari imeandikwa katika kitabu cha matukio. Nawe andika siku na saa. Usitoe hongo, kwa maana anunuaye haki leo amfungia mlango maskini wa kesho. Ukiona dhuluma, ishtaki mahali panapostahili. Na askari mwaminifu, akeshaye usiku ili wengine walale, mheshimuni na kumsaidia kwa ushuhuda wa kweli. Pasipo ushuhuda wezi hawashindwi kortini.

Maswali kwa walimu na wanafunzi wao:
Kwa nini kukamata na kuhukumu kumetengwa? Saa 24 zamlinda nani? Je, askari aweza kujitetea kwa kusema, “Niliamriwa”?